Bando langu, masomo yake: namna ya kumsomesha mtoto nyumbani kwa nyenzo za bure za mtandaoni

Msimu wa karafuu uliopita nilimpa mwanangu wa darasa la nne simu yangu ajisomee hesabu, mimi nikaenda nyuma kuchambua. Jioni ile ile bando la wiki nzima likamalizika. Nikafungua historia nione alichosoma. Video ya kwanza ilikuwa ya nusu na robo, dakika nne. Zilizofuata zote, saa mbili na ushei, ni za watu wazima wanafungua masanduku ya midoli. Wala hakuzitafuta. Zilikuwa zinajifungulia zenyewe moja baada ya nyengine, na mtoto gani atanyanyuka kuzizima?

Tangu siku ile nyumbani kwetu Wete, Pemba, kuna kanuni moja: mtandaoni naingia mimi, mtoto anasoma kilichokwisha kushushwa. Yote ninayoyaeleza hapa yamejengwa juu ya hiyo. Masomo ya bure yamejaa, hata mtoto mmoja hawezi kuyamaliza. Kisichotosha ni bando, chaji, na dakika ishirini za mtu mzima aliyekaa naye.

Kwanza, jua mtoto amefika wapi

Usianze na darasa lake. Anza na kile anachokiweza. Mtoto anaweza kuwa darasa la tano na akawa anasoma kwa kukisia: anatazama herufi ya mwanzo, anabuni neno, anasonga mbele.

Ingia tovuti ya African Storybook. Ni mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ulianza 2014, na una hadithi fupi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Hadithi zimepangwa kwa ngazi, kuanzia maneno mawili matatu kwa ukurasa hadi aya ndefu. Chukua ya ngazi ya chini, mwambie asome kwa sauti. Akikwama maneno zaidi ya matano katika ukurasa mmoja, hiyo imemzidi, shuka ngazi. Akimaliza, zima simu na umwambie akuhadithie. Hapo ndipo utajua kama amesoma au ametamka tu. Wangu wa darasa la nne alikaa ngazi ya tatu, na nilivunjika moyo siku mbili. Siku ya tatu nikaona afadhali nimejua.

Kwa hesabu, mpe kujumlisha, kutoa kwa kukopa, na kuzidisha hadi kumi mara kumi. Dakika kumi zinatosha. Andika kwenye daftari alipokwama, kwani daftari hilo ndilo litakalokwambia ushushe nini.

Na usidhani kwamba kusoma kwa kifaa ni mambo ya watoto wa Ulaya. Hapo ng'ambo yetu tu, Tanga, yalifanyika majaribio makubwa ya Global Learning XPRIZE, shindano la kutengeneza programu za mtoto kujifundisha mwenyewe: vijiji 170, watoto karibu 2,700, kila mmoja amepewa kishikwambi chenye masomo ya Kiswahili. Zaidi ya watoto tisa kati ya kumi walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja walipoanza. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ikapungua kwa nusu, na Mei 2019 timu mbili, onebillion na Kitkit School, zikagawana zawadi ya dola milioni 10. Mimi kilichonivutia zaidi ni kitu kidogo: masomo yale yaliwekwa ndani ya vifaa kabla ya kufika kijijini. Hakuna aliyeambiwa "tafuta bando kwanza".

Pili, itayarishe simu

Simu ya zamani iliyopasuka kioo inafaa, mradi inashika chaji na ina nafasi ya memori kadi. Kadi ya GB 32 inatosha nyumba yenye watoto watatu. Ondoa laini. Ndiyo, itoe kabisa. Simu isiyo na laini haipigiwi, haiombwi namba za siri, wala haimalizi bando la mtu.

Akaunti ya simu iwe yako, na neno la siri ulijue wewe peke yako. Duka la programu likitaka kadi ya benki, ruka hapo, usijaze. Kisha futa kila kisichohusu masomo, michezo kwanza. Kama ni simu yako mwenyewe mnayotumia wote, basi angalau kwenye YouTube zima video kujifungulia zenyewe, na uwashe hali ya vizuizi (Restricted Mode). Si kinga kamili, lakini ni bora kuliko mlango wazi.

Tatu, chagua siku moja ya kushusha

Mimi ni Alkhamisi usiku, watoto wakishalala. Bando la usiku ni nafuu na mtandao haujajaa watu. Wewe huenda kazini kwako kuna intaneti, au una kijana anayesoma Unguja anayeweza kukushushia na kukuletea kwenye flashi na boti. Yote sawa.

Hesabu ya kukumbuka ni hii: video ya saa moja kwa ubora wa 360p inakula kama MB 300. Ukiiacha 720p inaweza kufika GB moja. Kwenye kioo cha inchi sita mtoto haoni tofauti. Hadithi ya PDF ni MB chache tu, kwa hivyo kwa bei ya katuni moja unapata rafu nzima ya vitabu. Ndiyo maana kwangu mimi vitabu huja kwanza na video baadaye, ingawa watoto wangekwambia kinyume.

Nne, ushushe nini

Hapa wengi hupotea, maana orodha za watu huwa na majina hamsini. Hakuna anayehitaji hamsini. Haya ndiyo tunayoyatumia.

*Wadogo, miaka mitatu hadi sita.* Akili and Me, ya shirika la Ubongo la Dar es Salaam. Akili ni mtoto wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na akilala anaingia nchi ya ndoto anakojifunza herufi, namba na rangi. Iko kwa Kiswahili, si Kiswahili cha kufasiriwa, bali cha watu wanaokisema. Ubongo wana maktaba yao iitwayo Ubongo Toolkits unayoweza kushushia video na hata sauti peke yake. Chukua hizo sauti. Wazazi wa Zanzibar waliopitia vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze miaka ile wanajua kwamba mtoto mdogo anajifunza vizuri tu bila ya kuona picha, na sauti inakula bando na chaji kidogo tu.

Khan Academy Kids nayo ni nzuri, ya miaka miwili hadi minane, bure kweli, haina matangazo, na ina sehemu ya kutumika bila mtandao. Ila ni ya Kiingereza. Mimi naitumia kumzoesha mdogo sauti za lugha ile, wala simtegemei ajue kusoma kwa hiyo.

*Miaka saba hadi kumi na mbili.* Ubongo Kids, iliyoanza 2014, kwa hesabu na sayansi kupitia hadithi na nyimbo. Onyo moja: nyimbo zinakaa kichwani, na mama utaziimba ukiwa sokoni. Kwa kusoma, rudi African Storybook, uongeze StoryWeaver ya Pratham Books wa India, ambayo nayo ina hadithi za Kiswahili kwa ngazi nne. Hadithi ulizozipenda zipeleke duka la fotokopi wazichape mbele na nyuma, uzikunje, uzishone kwa uzi. Kitabu cha mkononi kinasomwa hata umeme ukikatika, na umeme wetu unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, tunashukuru, lakini ukikatika umekatika.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba African Storybook inakuruhusu kutunga yako. Bibi yao alihadithia kisa cha sungura na mwenye kisima, kwa maneno ya Kipemba hasa, mtoto wa darasa la sita akaandika, mdogo akachora. Paukwa, pakawa, na ikawa kitabu. Mtoto aliyekuwa anakimbia kuandika insha ya nusu ukurasa aliandika kurasa kumi na mbili kwa sababu bibi alikuwa anamsahihisha: "Sikusema hivyo mie."

*Sekondari.* Hapa mambo yanabadilika, kwani masomo karibu yote yanageuka Kiingereza na mtoto anapigana vita viwili kwa mpigo. Vitu vitatu.

Cha kwanza ni Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, yenye vitabu vya kiada vya kusoma bure. Kwa sekondari vinamfaa mtoto wetu moja kwa moja, maana mtihani wa kidato cha nne ni ule ule. Kwa msingi kuwa na tahadhari: sisi tuna mtaala wetu chini ya Taasisi ya Elimu Zanzibar, na msingi wetu unaishia darasa la sita ilhali vitabu vingi vya bara vilipangiwa miaka saba. Tafuta mada, usitafute darasa.

Cha pili ni tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania. Watu wanaenda kule kutazama matokeo tu, kisha wanafunga. Ingia zaidi. Kuna miundo ya mitihani, na kuna ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Ndani yake utaona swali lenyewe, waliopata wangapi, waliokosea walikosea nini, na hata mwandiko wa mtahiniwa aliyejibu vizuri na wa aliyevuruga. Kijana wangu wa kidato cha tatu alisoma ripoti ya Bailojia kwa wiki mbili na akaniambia, "Mama, kumbe wanakosa kwa sababu wameulizwa 'eleza' wao wakataja." Hakuna mwalimu wa tuisheni aliyewahi kumwambia hivyo, na tumelipa wengi.

Cha tatu ni PhET, majaribio ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, yaliyoanzishwa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia. Skuli isiyo na maabara ya kutosha, mtoto anaunganisha betri, waya na balbu kwenye kioo, akiongeza betri balbu inang'ara zaidi, akikosea waya unawaka moto. Bora uwake kwenye kioo. Mengi unaweza kuyashusha kwenye kompyuta ukayatumia bila mtandao.

Mwenye hamu ya kompyuta mpe Scratch ya MIT, ya kujifunza kutunga programu. Ina toleo la kuweka kwenye kompyuta, na unaweza kuigeuza lugha ikawa Kiswahili.

Tano, kwa mwenye kompyuta kuukuu: Kolibri

Kama nyumbani au kwa jirani kuna laptopu ya Windows, hata nzito ya miaka kumi, sehemu hii isome mara mbili.

Kolibri ni programu ya bure ya shirika la Learning Equality. Imetengenezwa kwa watu wasio na intaneti. Unaiweka mara moja, unashusha masomo mara moja, kisha kompyuta ile inakuwa skuli ndogo: simu zote za nyumbani zinasoma kutoka kwake bila ya kutumia hata MB moja. Ndani yake zimo hadithi za African Storybook, majaribio ya PhET, na masomo ya Khan Academy pamoja na mazoezi yake.

1. Siku ya mtandao mzuri, shusha Kolibri kutoka tovuti ya Learning Equality uiweke kwenye kompyuta. Ikikuuliza, jiandikishe wewe kama msimamizi, kisha mfungulie kila mtoto akaunti yake.
2. Nenda sehemu ya kifaa, kisha chaneli, uchague za kuingiza. Usibonye "yote". Chaneli ya Khan Academy ya Kiingereza nzima ni makumi ya GB. Ifungue, uchague mada zile tu zilizomo kwenye daftari lako la hatua ya kwanza: sehemu, desimali, aljebra ya mwanzo.
3. Zikishaingia, zima data. Washa hotspoti ya simu yoyote. Unganisha kompyuta nayo, na simu ya mtoto nayo.
4. Kwenye taarifa za kifaa ndani ya Kolibri kuna anwani ya namba. Iandike kwenye kivinjari cha simu ya mtoto. Ukurasa ukifunguka, basi.

Mara ya kwanza haikufunguka kwangu. Nilihangaika jioni nzima nikidhani kompyuta imeharibika, kumbe nilisahau kuiunganisha na hotspoti, ilikuwa imeshika mtandao mwengine. Angalia hilo kabla hujamwita fundi.

Uzuri wake mwengine: kwa akaunti yako unaona mtoto amefanya mazoezi yapi na amekosa wapi. Hawezi kukwambia "nimemaliza" na hajagusa.

Sita, ratiba inayoishi na siku yetu

Mtoto wa Pemba anatoka skuli, anakula, anakwenda chuoni kusoma Kurani, anarudi Magharibi. Aliye mkondo wa jioni ni kinyume chake. Ukimwekea saa mbili za kompyuta juu ya hayo, utakuwa umemwekea usingizi. Sisi tunafanya dakika ishirini na tano baada ya Isha, siku nne. Alkhamisi mchana na Ijumaa chuo kimefungwa, hapo ndipo tunapotanua kidogo.

Mpango wenyewe ni huu: video au ukurasa mmoja, si zaidi ya dakika nane. Kisha simu inafunikwa kifudifudi na daftari linafunguliwa. Anafanya maswali matano kwa kalamu. Mwisho anamweleza mtu mwengine, mimi, au bibi, au mdogo wake. Hicho cha mwisho ndicho kinachorukwa sana, na ndicho kinachonipa mimi habari.

Nitoe mfano. Yule wa darasa la nne alitazama somo la sehemu mara tatu, akajibu kila swali la kwenye kioo. Nikamwandikia daftarini 1/4 na 1/2, nikamuuliza kipi kikubwa. Akasema robo. Kwa nini? "Nne si kubwa kuliko mbili?" Video haikuwa na njia ya kujua kwamba ndivyo anavyofikiri. Nikaenda stoo nikatoa kibaba na pishi ya bibi yake, nikamwambia ajaze pishi kwa kibaba. Akajaza vinne. "Kibaba ni nini ya pishi?" "Robo." "Na kisaga?" "Nusu." Haya alikuwa anayajua tangu hajaingia skuli. Anakwenda shambani, anaona wachumaji wanalipwa kwa pishi, na ukimpunja kibaba atakudai. Nikamrudisha kwenye daftari: "Sasa, ungechukua karafuu za 1/4 au za 1/2?" Alicheka, akafuta. Wiki ile ile akatazama tena video ile, na safari hii ndiye aliyekuwa anamfundisha mdogo wake asili ni nini na kiasi ni nini.

Kwa hivyo kabla ya kila somo, jiulize ndani ya nyumba kuna kitu gani kinachofanana nalo. Mizani ya samaki kwa desimali, jamvi la kuanikia kwa eneo, kupwa na kujaa kwa maji kwa somo la mwezi.

Vya kuogopa, kwa ufupi

Programu inayosema ni bure kisha somo la tatu linataka malipo: ifute, ziko nyengine. Tovuti inayotaka namba ya simu ya mtoto, jina la skuli au picha yake: funga. Kundi la masomo la WhatsApp lenye watu mia mbili usiowajua: mzazi aingie, mtoto asiingie. Na mtafsiri wa kompyuta anayegeuza somo la Kiingereza kuwa Kiswahili wakati mwengine anatoa maneno ambayo hata mwalimu hayaelewi, basi soma wewe kwanza.

Kadi ikijaa, na jirani akiomba

Itajaa. Kila Alkhamisi kabla ya kushusha, futa video zilizokwisha kueleweka, lakini hadithi ziache, watoto hurudia hadithi mpaka wanazijua kwa moyo. Vya muhimu viweke nakala kwenye flashi, maana memori kadi hufa bila kuaga.

Jirani akiomba, mgaie. Hadithi za African Storybook na StoryWeaver zimetolewa kwa leseni inayoruhusu kunakili na kugawa, mradi jina la mtunzi libaki. Unaweza kutuma kwa Bluetooth pale barazani, bila bando. Kwangu sasa kila Ijumaa baada ya sala wanakuja watoto watatu wa mtaani na flashi zao. Sharti langu kwao ni moja tu, waje na waya wa kuchajia laptopu wa kaka yao, kwa sababu wangu umekatika na kila nikenda Chake Chake kununua nasahau.